Nyota Iliyowaponza Wenyewe: Beji na Ngao za Makabaila katika Kanisa la Lavenham

Mke wa askari apigapo pasi sare ya mumewe, mkono wake huenda polepole ufikapo begani na kifuani, pahali penye beji. Mtoto naye, hata kabla hajajua kusoma herufi moja, huweza kuitambua kofia ya baba yake miongoni mwa kofia ishirini kwa ile nembo ya shaba iliyo mbele yake. Jambo hili tumelizoea mno hata hatuoni ajabu yake. Lakini liko kanisa moja la kijijini, upande wa mashariki ya Uingereza, ambalo kuta zake zimejaa beji za namna hiyo zilizochongwa katika mawe yapata miaka mia tano iliyopita. Mojawapo, nyota ndogo yenye ncha tano, iliwahi kuwa sababu ya askari kupigwa mishale na wenzao wa upande mmoja. Leo, ndugu msomaji, tutaizungumza habari ya nyota hiyo, na ya wale walioivaa, na ya tajiri mmoja muuza nguo ambaye ukoo wake nao ulitaka ngao kama waliyokuwa nayo mabwana wakubwa.

Kanisa lenyewe ni la Watakatifu Petro na Paulo, katika kijiji cha Lavenham, jimbo la Suffolk, yapata kilomita mia moja kutoka London kwa upande wa kaskazini mashariki. Aingiaye kijijini huona kwanza nyumba za miti na udongo zilizoinamiana kama wazee waliochoka, kisha, juu ya kilima mwishoni mwa kijiji, huuona mnara mnene wa mawe ya gumegume wenye urefu wa mita 43. Mnara huo ni mkubwa kupita kiasi kwa kijiji kidogo namna ile. Sehemu ya madhabahu ni ya zamani zaidi, ya karne ya 14, bali sehemu kubwa ya jengo ilijengwa baina ya mwaka 1485 na 1525. Zamani hizo Lavenham haikuwa kijiji cha kupuuzwa. Ilikuwa mji wa nguo za sufu, mashuhuri kwa nguo nzito za rangi ya buluu, na kodi iliyotozwa huko mwaka 1524 yaonyesha kwamba ilikuwa miongoni mwa miji tajiri ya Uingereza nzima, ikiipita miji mingi iliyokuwa mikubwa kuliko yenyewe.

Fedha zilizoujenga mnara ule zilitoka katika mikono ya namna mbili. Mmoja ulikuwa mkono wa ukoo wa de Vere, makabaila wenye cheo cha Erli wa Oxford, ambao ndio waliokuwa mabwana wa ardhi ya Lavenham. Wa pili ulikuwa mkono wa matajiri wa nguo, hasa ukoo wa Spring. Mikono yote miwili iliacha alama zake katika mawe, na ajuaye kuzisoma alama hizo hahitaji kitabu cha historia.

Yafaa kwanza tueleze tofauti iliyopo baina ya ngao ya ukoo na beji, kwa kuwa watu wengi huzichanganya. Ngao ya ukoo ilikuwa mali ya mtu mwenyewe na warithi wake. Ilianza kutumika katika karne ya 12, wakati wapiganaji wa farasi walipovaa kofia za chuma zilizoficha nyuso zao, ikawa hapana budi kila bwana ajulikane kwa rangi na picha zilizochorwa katika ngao yake. Rangi zake zilikuwa na sheria kali. Dhahabu na fedha zilihesabiwa kuwa madini. Nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau zilihesabiwa kuwa rangi. Na haikuruhusiwa kuweka rangi juu ya rangi wala madini juu ya madini, kwa sababu picha hiyo isingeonekana vema kwa mbali. Yeyote aliyepata kuchora alama za barabarani atatambua kwamba watu wale hawakuwa wajinga. Mwaka 1484 Mfalme Richard wa Tatu aliwapa wajuzi wa nembo chuo chao cha kulinda elimu hiyo na kuziandika ngao za koo zote, na chuo cha namna hiyo kingaliko London mpaka leo.

Beji ni kitu kingine. Hiyo haikuwa ya bwana peke yake, bali ilivaliwa na watumishi wake, askari wake, wapishi wake na watunza farasi wake. Ngao ilisema, "Huyu ni bwana fulani." Beji ilisema, "Huyu ni mtu wa bwana fulani." Kwa hiyo beji ilikuwa picha moja nyepesi ambayo hata mtu asiyejua kusoma angeitambua mara moja: nyota, jua, dubu, nguruwe mwitu, waridi. Ilishonwa kwa kitambaa katika koti, mbele na nyuma, au ilitengenezwa kwa risasi au shaba, na ya mkubwa kwa fedha. Mwaka 1483 Richard huyo huyo, alipokwenda mji wa York kumtukuza mwanawe, aliagiza beji 13,000 za nguruwe mwitu zilizochorwa katika kitambaa. Elfu kumi na tatu! Hiyo ni idadi ya kuvisha jeshi zima.

Ngao ya ukoo wa de Vere iligawanyika sehemu nne, mbili nyekundu na mbili za dhahabu, na katika sehemu ya kwanza iliyo nyekundu palikuwa na nyota nyeupe. Wenyewe walipenda kusimulia kwamba nyota hiyo ilishuka kutoka mbinguni. Walisema kwamba mzee wao Aubrey de Vere alikwenda Vita vya Msalaba, na mwaka 1098, karibu na mji wa Antiokia, usiku ulipowakuta Wakristo kabla hawajamaliza vita, nyota nyeupe ilitua juu ya bendera yake ikawamulikia hata wakashinda. Hadithi hiyo ni nzuri, na hapana shaka ilisimuliwa mara nyingi mbele ya moto wakati wa baridi. Ila ngao za koo zenyewe hazikuwapo bado mwaka huo, na wajuzi wa nembo wana maelezo mepesi zaidi: mara nyingi nyota ndogo iliongezwa katika ngao ili kutofautisha tawi moja la ukoo na jingine. Vyovyote viwavyo, ukoo wa de Vere uliichukua nyota hiyo ukaifanya kuwa beji ya watu wake.

Hapo ndipo yalipozaliwa maafa ya Barnet.

Katika miaka hiyo Uingereza ilikuwa imegawanyika. Nyumba mbili za kifalme, Lancaster na York, zilikuwa zikipigania kiti kimoja. John de Vere, Erli wa 13 wa Oxford, alizaliwa mwaka 1442 na alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa tu wakati Mfalme Edward wa Nne wa nyumba ya York alipowakata vichwa baba yake na kaka yake mkubwa, Februari 1462. Mtu aliyefanyiwa hivyo hasahau. Ilipofika mwaka 1471 alisimama upande wa Lancaster pamoja na Erli wa Warwick, aliyeitwa Mtengeneza Wafalme, naye Mfalme Edward akatoka London kuwakabili.

Majeshi yalikutana karibu na mji wa Barnet, kaskazini ya London, alfajiri ya Jumapili ya Pasaka, tarehe 14 Aprili. Ukungu ulikuwa mzito hata mtu haoni aliye hatua chache mbele yake. Majeshi yote mawili yalikuwa yamejipanga gizani usiku, na kwa hivyo hayakukabiliana sawasawa. Kila upande ulizidi kidogo kwa mkono wa kulia. Oxford, ambaye aliuongoza mkono wa kulia wa jeshi la Lancaster, aliwapiga waliokuwa mbele yake wakakimbia, na watu wake wakawafukuza mpaka mjini Barnet. Huko wakafanya kosa ambalo kila mwalimu wa askari amelionya: waliacha vita wakaanza kupora. Waliokimbia walifika mpaka London na habari kwamba Mfalme Edward ameshindwa.

Oxford aliwakusanya watu wake kwa taabu, akarudi nao katika ukungu ili kumpiga adui kutoka nyuma. Lakini wakati yeye hayupo, mstari wa vita ulikuwa umezunguka kama mlango uzungukavyo katika bawaba zake. Pale alipodhani atamkuta adui, palikuwa na watu wa Lord Montagu, nduguye Warwick, yaani wenzake mwenyewe. Hao waliona watu wakitokea ukunguni, na katika makoti yao alama nyeupe yenye miale. Beji ya Mfalme Edward ilikuwa jua lenye miale. Beji ya Oxford ilikuwa nyota yenye miale. Katika ukungu ule, na kwa macho yaliyokwisha chokeshwa na hofu, nani angezipambanua? Wakafyatua mishale.

Watu wa Oxford, walipopigwa na wenzao, walipiga kelele za usaliti na kukimbia. Kelele hizo zilienea katika jeshi lote, na ziliaminiwa upesi kuliko inavyostahili, kwa sababu Warwick na Montagu wenyewe walikuwa watu wa Edward zamani kabla ya kugeuka, na mioyoni mwa wengi shaka ilikuwa tayari imejificha ikingoja neno moja tu. Jeshi la Lancaster likavunjika. Warwick akauawa, na Montagu akauawa. Habari hii ya beji imetufikia kwa mwandishi mmoja wa tarehe wa zama zile, na tangu hapo imesimuliwa kila pahali panapozungumzwa vita hivyo. Askari wa leo, ambaye amefundishwa neno la siri la usiku na alama za kutambuana, ataelewa mara moja ni kitu gani kilichokosekana Barnet.

Erli mwenyewe aliponyoka. Mwaka 1473 aliiteka ngome ya St Michael's Mount katika pwani ya Cornwall akazingirwa humo miezi kadhaa, akasalimu amri mwaka uliofuata, na akafungwa katika ngome ya Hammes karibu na Calais. Alikaa kifungoni karibu miaka kumi. Mwaka 1484 alitoroka, akajiunga na Henry Tudor aliyekuwa uhamishoni. Mlinzi wa ngome alitoka pamoja naye, jambo lionyeshalo kwamba mfungwa huyo alikuwa na ulimi mzuri.

Tarehe 22 Agosti 1485, katika vita vya Bosworth, Henry Tudor alimpa Oxford uongozi wa kikosi cha mbele. Jeshi la Mfalme Richard wa Tatu lilikuwa kubwa zaidi. Hapo Oxford akatoa amri ambayo mwanahistoria Polydore Vergil ameiandika: kwamba mtu yeyote katika safu asiende mbali na bendera zaidi ya futi kumi, yaani hatua tatu au nne. Watu wake wakasongamana kuzizunguka bendera zao, wakasimama kitambo bila kupigana, hata adui akashangaa akidhani pana hila. Kisha wakaenda mbele wote kwa pamoja kama kabari. Vergil asema kwamba aliogopa kuzungukwa. Sisi twaona pia kwamba mtu aliyewahi kuwapoteza watu wake katika ukungu wa Barnet alikuwa na sababu ya pili. Richard aliuawa siku hiyo, naye ndiye mfalme wa mwisho wa Uingereza kufa vitani.

Beji ya Richard ilikuwa nguruwe mwitu mweupe. Ukoo wa de Vere nao ulikuwa na nguruwe mwitu, wa rangi ya buluu, kwa mzaha wa jina tu: kwa Kilatini nguruwe dume huitwa verres, na hilo lafanana na Vere. Husimuliwa kwamba baada ya Bosworth wenye nyumba za wageni waliokuwa wametundika kibao cha nguruwe mweupe kwa kumpendeza Richard walikimbilia ndoo ya rangi ya buluu, na asubuhi nguruwe wao alikuwa wa Oxford. Huenda ikawa ni porojo za watu wa baa, lakini wenye nyumba za wageni ndivyo walivyo duniani kote. Lililo hakika ni hili: mwaka 2009, watafiti waliokuwa wakikitafuta kiwanja hasa cha vita hivyo waliokota beji ndogo ya nguruwe mwitu, ya fedha iliyopakwa dhahabu, ambayo bila shaka ilivaliwa na mmoja wa watu wa karibu wa Mfalme Richard. Pamoja na risasi za mizinga zilizookotwa hapo, beji hiyo ilisaidia kuthibitisha kwamba vita vilipiganwa kilomita kadhaa kutoka pahali palipodhaniwa zamani.

Sasa turudi Lavenham. Yasemekana kwamba kulijenga upya kanisa kulianza kuwa ni shukrani kwa ushindi wa Bosworth, na tarehe zake zakubaliana na maneno hayo. Anayepita katika kibaraza cha mlango wa kusini hukutana na nguruwe wawili wa mawe juu ya mlango, na safu ya ngao za ukoo wa de Vere. Nyota imechongwa pengi, katika msingi wa mnara na katika nguzo zake. Erli aliyefungwa, aliyetoroka, ambaye baba yake alikatwa kichwa, alitaka kila mkulima aingiaye kusali ajue ni nani bwana wa pale.

Lakini beji zikizidi, mfalme naye huona hofu. Kabaila mwenye watu elfu waliovaa nyota yake ana jeshi lake mwenyewe. Mfalme Edward wa Nne alitoa sheria mwaka 1468 ya kuzuia mabwana kuwagawia sare na beji watu wasiokuwa watumishi wao wa nyumbani, na Mfalme Henry wa Saba, yaani yule Henry Tudor, akatoa nyingine kali mwaka 1504. Mwandishi Francis Bacon, katika kitabu chake cha mwaka 1622, asimulia kwamba Henry alimtembelea Oxford katika ngome yake ya Hedingham, akakirimiwa vizuri sana. Wakati wa kuondoka aliwaona watu wengi wamejipanga mistari miwili, wote katika sare ya Erli. Mfalme akauliza kama hao wote ni watumishi wa nyumbani. Oxford, kwa kudhani kwamba anamfurahisha, akajibu kwamba wengi wao si wa nyumbani, wamekuja tu kumpa heshima mgeni. Mfalme akamshukuru kwa chakula, akamwambia kwamba mwanasheria wake atakuja kuzungumza naye. Bacon asema kwamba faini ilikuwa maki 15,000, ambazo ni paundi 10,000. Wanahistoria wa leo wana mashaka makubwa kama jambo hilo lilitokea hivyo, kwa maana Oxford alikuwa rafiki mkuu wa Henry hata kifo chake mwaka 1513. Hata hivyo sheria ilikuwako, na hofu ilikuwako. Polepole sare ikawa ya mfalme, na baadaye ya taifa.

Mkono wa pili uliojenga mnara haukupata kushika upanga. Ukoo wa Spring ulikuwa wa wauza nguo. Tajiri wa namna hiyo alinunua sufu, akawapa wanawake wa vijijini waisokote majumbani mwao, akawapa wafumaji uzi, akawapa watia rangi nguo, kisha akauza nguo iliyokamilika mpaka ng'ambo. Kila robota la nguo lilitiwa alama ya mwenyewe, mistari na herufi zilizounganishwa, ili lijulikane bandarini hata na wachukuzi wasiojua kusoma. Hiyo ndiyo iliyokuwa beji ya mfanyabiashara. Haikuwa na heshima ya ngao, wala wajuzi wa nembo hawakuihesabu, lakini mtu akiiona katika nguo alijua kwamba bei yake si ya kubahatisha.

Thomas Spring wa pili alifariki mwaka 1486 akaacha maki 300 kwa ujenzi wa mnara. Mwanawe, Thomas Spring wa tatu, aliyeitwa Tajiri wa Nguo, alihesabiwa kuwa mmoja wa watu matajiri kabisa wasiokuwa na cheo cha ukabaila katika Uingereza. Alipofariki mwaka 1523 aliacha paundi 200 ili mnara umalizwe. Kaburi lake lilizungushiwa ukuta wa mbao nyeusi za mwaloni zilizochongwa kwa ustadi mwingi ajabu, nao ungalipo ndani ya kanisa.

Basi, ndugu msomaji, mnara huo wasomwa kuanzia chini kwenda juu. Katika msingi, karibu na macho ya mtu, kuna funguo za Mtakatifu Petro zilizopishana, na panga za Mtakatifu Paulo, na nyota ya de Vere, na pamoja nazo alama ya biashara ya ukoo wa Spring, ile ile iliyotiwa katika marobota. Miaka ikapita, mawe yakapanda. Kabla kazi haijaisha, ukoo wa Spring ulikuwa umepewa ngao yake mwenyewe na wajuzi wa nembo. Mafundi walipofika ukingo wa juu, ngao hiyo ya Spring ilichongwa kuuzunguka mnara mzima, si mara moja wala mara nne, bali mara 32. Kuna wanaocheka na kusema kwamba hayo ni majivuno ya mtu aliyepata cheo jana. Mimi sicheki sana. Watu wale walikuwa wamelipa gharama ya mawe, na kwa vizazi vitatu walikuwa wakitazama nyota ya mtu mwingine kila waendapo kusali.

Hata neno lenyewe walilitia katika mawe. Nje ya kanisa, katika ukuta wa kanisa dogo la pembeni ambalo Thomas na mkewe Alice walilijenga, kuna maandishi ya Kilatini yaombayo watu waziombee roho zao, yenye tarehe ya mwaka 1525. Humo Thomas aitwa armiger, maana yake mtu mwenye haki ya kubeba ngao.

Mwaka huo huo wa 1525 walisikika Lavenham watu ambao hawakuwa na ngao wala beji. Mfalme Henry wa Nane alitaka fedha za kupigana na Ufaransa, akatoza mchango bila idhini ya Bunge, ambao kwa raia ulifikia sehemu moja ya sita ya mali. Matajiri wa nguo walisema kwamba wakilipa hawatabaki na kitu cha kuwalipa wafanyakazi, wakawaacha wasokotaji, wafumaji na watia rangi bila kazi. Mwezi wa Mei maelfu ya watu kutoka Lavenham na vijiji vya jirani wakakusanyika wakiwa na silaha. Duke wa Norfolk na Duke wa Suffolk walitumwa kuwakabili. Norfolk alipouliza ni nani kapteni wao, mfumaji mmoja akajibu kwamba kapteni wao jina lake ni Umaskini. Husimuliwa kwamba ishara ya kuinuka kwa pamoja ilikuwa ipigwe na kengele za mnara, na kwamba tajiri mmoja aliyemtii mfalme aliziondoa ndimi za kengele hizo kisirisiri. Mwishowe watu walisalimu amri, viongozi wao wakasamehewa, na mfalme akaliacha lile shauri la mchango. Wakati huo ngao 32 zilikuwa mpya kabisa, mawe yake bado meupe.

Umbo hili la nembo limetufikia hata sisi katika Afrika ya Mashariki. Itazame ngao ya taifa ya Uganda: ngao katikati, swala upande mmoja na korongo mwenye taji upande wa pili wakiishikilia, na maneno chini yake. Ya Kenya yashikwa na simba wawili, na ya Tanzania na mwanamume na mwanamke. Ngao, wenye kuishika, na utepe wenye maneno: mpango huo ni wa wajuzi wa nembo wa zamani wa Ulaya, ingawa vilivyomo ni vya kwetu, ngoma, mikuki, jogoo, mwenge. Tofauti iliyo kubwa ni kwamba nembo hizo si za ukoo wowote, na askari azivaaye kofiani si mtu wa bwana fulani.

Ama koo zile mbili za Lavenham, mwisho wake zilichanganyika. Aubrey de Vere, mwana wa pili wa Erli wa 15 wa Oxford, alimwoa Margaret Spring, binti wa John Spring, kwa hiyo mjukuu wa yule Tajiri wa Nguo. Wakati huo hakuna aliyedhani kwamba tawi hilo dogo litapata cheo. Lakini matawi makubwa yalikatika moja baada ya jingine bila mwana, na mjukuu wa Aubrey na Margaret, Robert de Vere, akawa Erli wa 19. Alikufa mwaka 1632 kwa majeraha aliyoyapata wakati mji wa Maastricht ulipozingirwa. Mwanawe, Aubrey, Erli wa 20, aliongoza kikosi cha wapanda farasi wa mfalme tangu mwaka 1661, na kwa rangi ya sare zao watu walikiita Buluu wa Oxford. Kikosi hicho kiliunganishwa na kingine mwaka 1969, na askari wake wangali wakimlinda mfalme mjini London, juu ya farasi weusi, katika makoti ya buluu.

Erli huyo alifariki mwaka 1703 bila kuacha mwana wa kumrithi, na cheo kikaisha pamoja naye. Katika msingi wa mnara wa Lavenham nyota ya ukoo wake ingalipo, imeanza kulika kwa mvua, na karibu nayo ile alama ya marobota ya nguo.